Katoni ya Vikombe Ghorofa ya Tatu

Mama Chai wa ghorofa ya tatu alikuwa na wateja wawili tu, na wote wawili akili zao alizijua mwenyewe. Zilikuwa kampuni mbili za sabuni kutoka ng'ambo, milango ikitazamana. Hii ikinunua feni, ile inanunua mbili. Ile ikishusha bei asubuhi, hii imeshashusha kabla chai haijapoa.

Mwaka huo kila moja ilitaka kujenga kiwanda: ama hapa, ama nchi jirani kwenye kodi nafuu.

"Mama Chai," meneja wa kushoto alinong'ona, "hao wenzetu wanahama?"

Wa kulia naye akauliza lilelile. Kila mmoja alingoja mwenzake atangulie, amfuate. Naye Mama Chai roho juu: wakihama, birika lake atampelekea nani?

Jumatatu akamtuma mumewe, fundi saa, akanunue vikombe kumi vya akiba. Mzee akarudi na katoni nzima, vikombe mia.

"Muuzaji kakataa kuifungua," akajitetea.

"Na wewe ukakataa kufikiri! Mia, baba watoto? Tunanywesha jeshi?"

Nyumbani hapakuwa na pa kuiweka, kwa hiyo kesho yake akapanda nayo ngazi, katoni kichwani, ubavuni imeandikwa "Vikombe 100". Milango yote miwili ikafunguka upenyo.

"Vyote hivyo vya nani, mama?" akauliza wa kushoto.

Angesema nini, kwamba ameolewa na mtu wa namna ile? Aibu ya nyumba haianikwi koridoni.

"Niache, mwanangu. Hilo silisemi ng'o!"

Basi! Wa kushoto akapiga hesabu zake: vikombe mia, wafanyakazi mia, kumbe jirani anajenga hapahapa! Kufika Ijumaa kashanunua kiwanja. Wa kulia kusikia tu, akanunua cha pembeni yake, kikubwa kwa hatua tatu. Wakajenga mbiombio, ukuta kwa ukuta, kila mmoja akijisifu kamwahi mwenzake.

Siku ya kufungua viwanda, Mama Chai alisimama katikati ya mageti mawili. Foleni ya watu mia mbili na ushee ilikuwa mbele yake, na vikombe vimekwisha. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amechuchumaa akipuliza mkaa.

"Mia tu? Na wewe nawe, baba watoto, hujui kununua vitu ukaona mbele!"