Kadi Tatu za Kilima

Kilima kile kilikuwa wazi tangu enzi za wafalme. Mbuzi walipanda, wakata nyasi walipanda, watoto wa shule tulipanda tukashuka na magoti yamechubuka. Halafu siku moja ofisi ikagundua kwamba kilima kinahitaji miadi.

Sababu walikuwa nayo, sikatai. Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa, na watu waliokata tamaa husikiliza lolote. Ikazuka habari kwamba udongo wa kule juu, palipokuwa na boma la Omukama, mfalme wetu wa zamani, na makaburi ya wafalme, ukikorogwa katika maji unaponya. Nani alipona? Hakuna aliyemjua. Lakini waliondoka Bukoba mjini na vikombe, wakaja wavuvi kutoka visiwani na masufuria, wakaja hata wa ng'ambo ya mpaka, wakachimba kaburi la Omukama kama watu wanaochimba viazi. Ndipo afisa utamaduni akaweka utaratibu: watu thelathini kwa saa moja, kila mmoja na kadi yenye mhuri, na kadi lazima uifuate mwenyewe Muleba wiki mbili kabla. Chini ya kadi waliandika kwa herufi kubwa: UKICHELEWA KADI IMEKUFA. Sijui nani aliona yafaa kuandika neno hilo kwa watu kama sisi, katika miaka kama ile.

Mimi nisingekanyaga huko. Nilikuwa mwalimu Ijuganyondo, nina darasa la watoto sabini, na kilima nilikwisha kukiona nikiwa msichana. Mawe, nyasi, vichuguu. Basi. Aliyekitaka ni mdogo wangu.

Tulizaliwa wawili tu, na wazazi wetu walikuwa wamelala kibanjani, chini ya migomba yetu, siku nyingi. Mdogo wangu aliolewa na mchuuzi wa samaki kwenye visiwa vya Muleba. Mume akafa, ndugu za mume wakagawana nyavu na mtumbwi, yeye wakamgawia kikohozi na nauli ya kurudi kwetu. Miaka yote ile alivuka na matenga ya samaki, na kila safari alikiona kile kilima kutoka majini. Kukipanda hakuwahi. Darasa lao lilipangiwa kwenda mwaka ule wa vita. Wiki ile ile mizinga ikaanza kunguruma upande wa mpaka, na badala ya kupanda kilima wakajifunza kulala chini kifudifudi.

"Nataka nilione ziwa kutoka kule juu, dada," aliniambia. "Nimelikalia miaka yote, sijawahi kuliona lote."

"Na udongo?" nilimuuliza. Nilikuwa tayari kumgombeza.

"Udongo wa nini? Udongo utanifikia wenyewe."

Haya basi. Nikaenda Muleba kufuata kadi. Karani alikuwa na meza, daftari, na kucha moja ndefu ya kidole cha mwisho. Nilimweleza nina mgonjwa, asubuhi na mapema ndiyo humfaa, jua likipanda hawezi. Akanitazama kama niliyemwomba anikatie kipande cha mwezi. Saa za asubuhi zimejaa. Akanipa saa tano hadi saa sita, siku ya Alhamisi, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kalamu ikaruka. Nilimshukuru! Nikikumbuka nilivyomshukuru mtu yule hadi leo nasikia aibu.

Alhamisi ilipofika, jirani yetu wa tatu kwenda chini alikuwa amelala ndani akingoja kuzikwa.

Hapa ni lazima nieleze, maana asiyeishi kwetu miaka ile atasema, si ungekwenda tu. Ng'o! Tulikuwa na kikundi cha kuzikana. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili, na kwapani alikuwa na daftari la mahudhurio. Akifa mtu, siku hiyo hakuna jembe, hakuna soko, hakuna safari. Wanaume wanachimba, wanawake tunaleta ndizi, kuni na maji, na yeye anaita majina. Ukikosa mara moja, unaulizwa. Ukikosa mara mbili, siku ya msiba wako watu wanabaki majumbani wakimenya ndizi zao, na unaachiwa jembe ujichimbie mwenyewe. Niliona kwa macho yangu mzee mmoja na binti yake wakimzika mama wa nyumba hiyo, wao wawili peke yao, tangu asubuhi mpaka alasiri, na sisi sote tunapita barabarani tumegeuza shingo. Mimi pia niligeuza shingo. Wakristo wazuri tulikuwa.

Na sisi tulikuwa wanawake wawili, mmoja hawezi kubeba hata ndoo. Basi nikaenda msibani na kadi mfukoni. Saa tano nikaitikia jina langu, saa sita kadi ikafa.

Kadi ya pili niliifuata kwa baiskeli ya kuazima na mvua ikaninyeshea njia nzima. Karani hakunikumbuka, au alijitia hanikumbuki. Safari hii Jumanne. Jumatatu jioni akafa mwalimu mwenzangu, yule niliyekaa naye meza moja. Huyo ningemkosaje? Nikaenda, nikalia, na kilio changu kilikuwa cha kweli, lakini katikati ya kilio nikawa naangalia saa. Mdogo wangu alinisubiri uani amevaa gauni lake la kitenge, viatu mguuni. Niliporudi alikuwa bado navyo.

"Viatu vimenibana," alisema.

Nikaapa ya tatu haitaharibika. Nilipanga kama jenerali. Nilimwomba mnunuzi wa kahawa atubebe kwenye pikapu yake, nikatandika godoro nyuma, nikachemsha maziwa, nikafunga ndizi za kuchoma kwenye jani. Nilikuwa hata nimemsihi karani mpaka akatoa saa tatu asubuhi. Mdogo wangu wiki hiyo alikuwa na nafuu. Alipanda kwenye gari mwenyewe, akaketi, akanicheka.

"Dada, umefungasha kama tunahamia huko."

Dereva alikuwa amewasha gari. Ndipo tukasikia vilio kutoka nyumba ya mwenyekiti. Mwanawe wa kiume, yule aliyekuwa akiishi Mwanza, alikuwa amerudishwa mgonjwa wiki iliyopita, na asubuhi hiyo alikuwa amekwisha.

Mtoto wa mwenyekiti! Mwenye daftari! Nilisimama pale mkono kwenye gari, na nasema ukweli, sikumwonea huruma yule mama hata kidogo. Nilimchukia. Nilimchukia kwa kufiwa siku ile. Kisha nikamwambia dereva azime.

Mdogo wangu hakushuka. Alikaa kwenye godoro na mikono mapajani.

"Twende," alisema. "Nani atakufunga?"

"Wewe hujui watu hawa. Tukikosa leo, siku yetu hatakuja mtu."

"Siku yetu ipi?"

Mawe, mama yangu wee! Nilijua nimesema nini kabla sijafunga mdomo.

"Dada," akasema taratibu, "mazishi yangu umeyapanga vizuri sana. Kila mtu atakuja. Sasa mimi mwenyewe, nikiwa bado nipo, nani anipeleke kule juu?"

Nilimshusha, nikamlaza ndani, nikachukua mkungu wa ndizi nikaenda kuitikia jina langu. Ndiyo, nilikwenda. Anayetaka kunisamehe anisamehe, mimi mwenyewe bado sijafika huko.

Kadi ya nne haikuwapo. Alikufa kabla ya wiki ya tatu kuisha, mchana, nikimpa uji.

Nao walikuja! Wote walikuja. Kibanja kilijaa mpaka migomba ya pembeni ikakanyagwa. Kaburi lilichimbwa kabla umande haujakauka. Mwenyekiti alisimama, macho bado yamevimba kwa mwanawe, akaita majina, na kila jina likaitikiwa. Watu wakaja kunishika mkono wakiniita waitu, mtu wa kwao, wakiniambia nimeheshimiwa, nimeheshimiwa sana. Kisha nikamsikia mwenyekiti akiwaambia wachimbaji kwa sauti ya chini, ambayo kwake si ya chini:

"Fanyeni haraka, baba zangu. Saa tisa tuna mwingine kule Nyanga."

Mdogo wangu alizikwa kwa muda usiofika saa moja. Kilima kingempa saa nzima.

Wiki mbili baadaye walifiwa nyumba ya jirani. Nilifunga mlango nikaenda Muleba na kadi ya tatu, ile ya saa tatu asubuhi ya siku iliyokwisha kupita zamani. Nilifika chini ya kilima saa nane. Karani wa kucha ndefu ndiye aliyekaa zamu. Nilimnyooshea kadi nikiwa nimejiandaa kumtukana tusi ambalo mwalimu hapaswi kulijua. Hakuisoma hata.

"Pita tu, mama. Hizo saa tuliwaandikia wale wa vikombe. Mwenye mgonjwa hatumzuii, angekuja muda wowote."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Nikapanda. Mawe, nyasi, vichuguu, na mashimo ya wale wa vikombe. Na ziwa. Lote, mpaka visiwa vilivyochukua afya yake, mitumbwi midogo ikienda na kurudi. Nikaketi juu ya jiwe, nikavua viatu. Saa moja ikapita, ikapita nyingine, na hakuna aliyekuja kunitoa.