Nusura nivunje fremu ya raketi ya mama mkwe kwa kuifunga nyuzi kama enanga

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenikuta mwenyewe. Chumvi sijatia, labda kidogo kwa baba mdogo, na bahati nzuri yeye hayumo humu.

Mimi nipo Rwamishenye, Bukoba. Mama mkwe yupo Muleba, mwalimu mstaafu wa michezo, na baada ya kahawa yake anachokipenda ni badminton. Ana raketi moja ya carbon, nyepesi kama unyoya. Nilipoanza mazoezi ya kupunguza kitambi, akaniazima.

Mlio na wakwe mnanielewa. Cha mama mkwe hakizoeleki.

Jioni moja nikapiga smash, lile pigo kali la kutoka juu, kwa kujionyesha. Uzi tap!

Sikuogopa, uzi ni uzi tu. Nikaipeleka Hamugembe kwa baba mdogo, mpiga enanga. Kwa wasiojua, enanga ni ala yetu Wahaya, ubao uliochimbwa kama chano, na uzi wake unapitishwa kwenda na kurudi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nikasema huyu ndiye fundi.

Akatoa nyuzi za zamani zote. Akaanza pembeni kabisa, akavuta kwa koleo, akakaza, akahamia unaofuata, huku anaimba. Kabla hajafika katikati nikaona kichwa cha raketi kinaenda upande.

"Baba mdogo, mbona inapinda?"

"Itajinyoosha tukifika ng'ambo, mwanangu. Enanga ndivyo ilivyo."

Enanga ni mti, wakuu. Ile ni carbon! Nikamshika mkono.

Nilikaa na simu mkononi. Kudanganya nilifikiria, nisiwafiche. Mwisho nikampigia mama mkwe nikasema ukweli wote.

Akauliza, "Mmeisikia ikilia ka, kama kitu kinachopasuka?"

"Hapana, waitu mama," nikajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Legezeni nyuzi zote sasa hivi. Msiiache juani. Kesho niletee."

Asubuhi nikapanda gari la Muleba. Salamu zilikuwa fupi. Akaikagua kwa jicho moja, akapitisha kidole ndani ya fremu yote, akailaza mezani kuona kama inakaa sawa.

"Imepona."

Wakuu, nilikaa chini bila kukaribishwa.

Ana mashine ndogo ya mezani. Akaibana fremu juu, chini na ubavuni ili isiende popote. Vibomba vya plastiki vya kwenye matundu vilivyochakaa akabadili, uzi usije ukala fremu. Akaanza katikati, mmoja kushoto, mmoja kulia, ili ivutwe sawa. Tension, yaani mkazo wa uzi, hakuzidisha kiwango kilichoandikwa kwenye raketi. Za wima zilipoisha, chai ikapoa pale pale, hakuinuka mpaka amalize za kulala. Akaniambia nyuzi za wima zikibaki peke yake zinaivuta fremu vibaya.

Na uzi ukikatika, akaongeza, usisubiri. Kata zote mapema, ukianzia katikati ukienda nje pande zote.

Nilijua ataitundika ukutani nirudi mikono mitupu. Akanikabidhi tena, kwa mikono miwili. "Jumamosi uje tucheze. Nataka kuiona hiyo smash."

Funzo nililopata: fundi wa nyuzi si fundi wa kila uzi, na simu ya aibu ipige fremu ikiwa bado nzima.

Wenye mashine ya kufunga raketi Bukoba mjini jitokezeni. Na wewe uliyewahi kuharibu cha ukweni, ulitokaje?