Gitaa la Mnadani

Nilinunua gitaa la umeme lenye nyuzi nne, kisha nikaenda dukani kuomba nyuzi mbili zilizopungua. Msomaji na acheke sasa hivi tumalizane, maana mbele kuna mengine.

Lawama nyingine naitupia Jumapili ya mavuno. Kwetu, baada ya ibada, sadaka zisizo fedha hupigwa mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, nazi, jogoo aliyefungwa miguu. Pale hununui kwa kuhitaji. Mtu anataja bei, mwenzake anapandisha, jogoo anafika bei ya mbuzi, na aliyempata anamrudisha auzwe tena, watu wakipiga vigelegele. Na hakuna anayekagua kitu. Ukianza kuminyaminya jogoo mbele ya mchungaji, utaonekana unamfanyia Mungu biashara. Mwaka huo muumini mmoja akatoa gitaa jeusi linalong'aa. Nikapandisha, wakapandisha, nikapandisha tena. Nyuzi niliziona ni nne. Nikasema moyoni, mbili zitakuwa zimekatika.

Nilikuwa na sababu ya kulitaka. Kwaya yetu ya akina mama ilikuwa imebaki bila mpiga gitaa, kwa kuwa kijana aliyekuwa akitupigia alipata kazi Dar, akaondoka na gitaa lake. Mwalimu wa kwaya akaleta kinanda ambacho ukibonyeza kitufe kinajipigia ngoma chenyewe, kama pampu ya maji. Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema mbele ya kwaya nzima kwamba sekondari nilikuwa napiga gitaa kavu, na la umeme litanishinda nini?

"Haya, mama," mwalimu akajibu. "Nakupa mpaka Kwaresima. Ukishindwa tunaimba na kinanda, na wewe unarudi sauti ya pili ukatulie."

Ndiyo maana nilikwenda dukani mbio, mimi ambaye safari yangu ndefu ni kutoka Nguvumali nyumbani kwangu mpaka gengeni. Jirani yangu akanisindikiza. Yeye ni mama wa Kidigo kutoka Moa, ukuta wake na wangu ni mmoja, na kwenye taarabu hakosi. Alisema akiniacha niende mjini peke yangu nitapotea na gitaa litarudi lenyewe.

Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipokea shikamoo yangu, akalishika gitaa, akalitazama, akanitazama mimi.

"Mama, hapa hakuna uzi uliopungua. Hili ni la besi."

"Na unene wa nyuzi hizi hukuuona?" jirani akaniuliza.

Niliuona. Zilikuwa kama kamba za kuanikia nguo. Ila nilidhani umeme ndio unaotaka nyuzi nene, kwani waya wa pasi si mnene kuliko wa redio? Nilipolisema hilo kwa sauti, jirani yangu alitafuta spika akaikalia, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Besi kwaya tulikuwa nalo, na mpigaji wake hakuwa na mpango wa kufa wala kuhama. Basi mzee akakubali alichukue lile langu, niongeze kidogo, nichague jingine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui gitaa linachaguliwaje. Nguo najua, unaivuta uone kama inachuja. Nazi najua, unaitikisa. Gitaa je?

Nikaanza na maswali. Hili halina tundu tumboni, sauti inatoka wapi? Mzee akachukua msumari mdogo akausogeza chini ya nyuzi, ukanasa pap! Kumbe mle mna sumaku, nazo ndizo zinazosikiliza waya ukitikisika na kupeleka habari kwenye spika.

"Basi mbao kazi yake nini?"

"Kubeba sumaku," akasema mzee, "na kukuchosha bega."

Macho yangu yalikuwa kwenye jekundu lenye pembe mbili. Mzee akauliza, "Kwaya yenu mnaimba mmekaa?"

"Tumesimama, na tunacheza."

"Basi vaa mkanda, ucheze."

Nilidhani ananitania. Lakini jirani alikwisha kuanza kupiga makofi, na Mwislamu wa watu anazijua hatua zetu kuliko baadhi ya wanakwaya, kwa kutuchungulia tukifanya mazoezi uani kwangu. Nikaenda kulia mbili, kushoto mbili, nikageuka nusu. Pembe ya lile jekundu ikakumba rafu, na mzee akadaka kipaza sauti kikiwa hewani. La pili, la bluu, nikiliachia mkono shingo yake ilianguka chini kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. La tatu lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, jepesi, shingo nyembamba inayoenea kiganjani. Nikageuka, nalo likageuka. Uzuri wa sura halikuwa nao hata kidogo.

Mzee akamgeuza jirani aelekee ukutani, akapiga yote matatu kwenye spika moja bila kumwambia lipi ni lipi.

"Hilo la mwisho," jirani akasema bila kusita. "Hilo linasema. Haya mengine yanalalamika tu."

Lilikuwa la rangi ya chai.

Nilijifunza ndani kwangu, mlango umefungwa, bila spika, kwa kuwa gitaa la umeme lisilo na umeme linanong'ona tu. Nikajisikia fundi. Nikaanza hata kufumba macho.

Kwaresima ilipokaribia, mwalimu akaja Jumamosi alasiri na spika, akachomeka waya, akakaa kwenye kigoda. Nikapiga. Ala! Kila kidole kilichochelewa kilitangazwa mtaa mzima. Wimbo wa kwanza, wa haraka, ulinitupa katikati. Wa pili nikaukimbiza mimi, haukukamatika. Wa tatu, ule wa polepole, nikaufikisha mwisho nikiwa nimelowa jasho.

Mwalimu akakuna kidevu.

"Nyimbo za polepole utapiga wewe, mama," akasema hatimaye. "Za haraka, kinanda."

Kabla sijaamua kama nifurahi au ninune, mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa ikilia upande wa pili wa ukuta ikanyamaza, na sauti ya jirani ikapanda:

"Jirani, gitaa tulichagua zuri. Tulikosea mpigaji."