Ngao ya Punje Moja

Mpaka leo, maharagwe makavu yakimwagwa kwenye sinia la bati, hasira hunipanda kabla sijajua imetoka wapi. Wengine husikia chakula cha jioni kinakuja. Mimi husikia punje zangu sita zikiondolewa mezani moja moja, na kidole kirefu cha Mugendi. Nimepita miaka thelathini, nina kazi ya heshima katika ofisi moja mjini Embu, na bado masikio yananichoma. Tafadhali msiniambie kwamba yalikuwa mambo ya watoto tu, maana hilo nimeambiwa na watu wengi, na wote hawakuwepo.

Mugendi alikuwa mtoto wa mjomba wetu. Kwao kulikuwa Dallas, mtaa mmoja wa mjini Embu, na kila likizo ya Agosti aliletwa kijijini Manyatta kwa Cucu, nyanya yetu, ili eti ajifunze kazi ya shamba. Mimi na kaka yangu Njeru tuliishi hapo hapo kwa Cucu. Mwaka ule Mugendi alikuwa na miaka kumi na mitano, Njeru kumi na mitatu, mimi kumi na mmoja. Badala ya kuja na gambuti za kukanyagia matope, alikuja na kitabu kinene cha Kiingereza alichotumiwa na shangazi yake wa ng'ambo, pamoja na mfuko wa dadu za rangi rangi. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mmoja anashika kitabu na kuwa msimulizi: mko msituni, jitu linakuja, mnafanya nini? Wengine wanajibu, dadu inaamua.

Uhai wetu ulikuwa maharagwe, kumi kwa kila mmoja, tuliyoyachota kwenye gunia la Cucu akiwa zizini. Ukipigwa, unatoa punje, zikiisha, umekufa. Na kwa kuwa mchezo bila adhabu hauna ladha, tuliwekeana sharti. Atakayekufa kwanza atawakatia ng'ombe majani ya nepia peke yake hadi shule zifunguliwe, na mezani harudi tena. Nepia niliijua, ile inayokuacha unajikuna shingo mpaka Jumapili kanisani. Lakini kutorudi mezani ndiko nilikoogopa zaidi, kwa sababu sikuwa nimewahi kupenda kitu kama nilivyoupenda mchezo ule.

Njeru alipewa shujaa mwenye upanga. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana na wa mwisho kuzaliwa, nilipewa kilichobaki: mchawi mwenye fimbo na uganga mmoja tu, ambao Mugendi aliuita Ngao ya Ukungu. Alisoma kitabuni, akatafsiri huku akipiga miayo: "Mtu wenye umekinga, kila pigo inapungua na moja, mpaka fight iishe." Nami niliyashika maneno hayo kama mstari wa Biblia wa kukariri. Kuiita ngao kulikula zamu yako nzima. Ukikinga, hupigi.

Siku ya kwanza tulikutana na jitu. Nilijikinga. Jitu likanipiga tatu, nikatoa mbili. Likanipiga tatu tena, nikatoa mbili. Nilibaki na punje sita na fahari tele. Njeru, aliyepigana peke yake nilipokuwa nikijikinga, alibaki na nne, na alikuwa amekasirika.

"Umesave punje mbili tu," aliniambia. "Ungelipiga na hiyo fimbo yako, lingekufa mapema na mimi singepoteza sita. Una-waste turn bure. Hiyo ngao ni kujifunika mvua na jani dogo la mboga ya managu."

Mugendi alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilikasirika hasa kwa sababu hesabu ilikuwa upande wa Njeru. Nilijaribu kusema haba na haba hujaza kibaba, wakacheka zaidi. Ikaamuliwa, wao wawili wakiwa mahakama, kwamba ngao yangu haina maana.

Asubuhi iliyofuata siafu waliingia kwenye banda la kuku. Tulimkuta Cucu ameinama na karai la jivu, akimzungushia kuku aliyekuwa akiatamia mstari mnene wa kijivu, bila haraka, kana kwamba anapanda mbegu. Nilikuwa bado na nongwa zangu, nikamuuliza kwa ubishi, "Cucu, sasa hilo jivu ni la nini? Fisi akija litamzuia?"

"Fisi akija halimzuii," alisema, bila hata kuinua kichwa. "Lakini fisi hajakuja, mwana wakwa. Waliokuja ni siafu."

Nilisimama pale nikiwatazama siafu wakifika kwenye jivu, wakihangaika, wakigeuka. Mdomo wangu ulikuwa wazi.

Mchana huo Mugendi alitandaza mezani pango alilolichora asubuhi nzima nyuma ya kalenda ya zamani. Lilikuwa jembamba, mtu mmoja tu mbele na mwingine nyuma yake, na ndani mlikuwa na panya thelathini. Kila panya aliuma punje moja. Njeru alikuwa mbele na punje zake nne. Alizitazama, akanitazama, uso ukamshuka. Nepia ilikuwa imeshamfikia shingoni.

"Namwekea Njeru ngao," nikasema.

"Tena?" Mugendi akauliza.

"Kila pigo linapungua na moja. Panya anauma moja. Moja toa moja?"

Panya waliuma, na punje za Njeru hazikusogea. Wakauma tena. Njeru alicheka kwa sauti ya ajabu, akaanza kuwakatakata panya mmoja mmoja kwa raha zake. Sijawahi, hata siku ya kufuzu chuo, kujiona mwerevu kama nilivyojiona kwa dakika zile tano.

Ndipo Mugendi aliposema panya wamechoka na Njeru, wamempita juu ya kichwa, wamemwendea mchawi. Sawa, hiyo ilikuwa haki yake kama msimulizi. Zamu yangu ilipofika nikajikinga. Yeye akafunga kitabu.

"Hapana. Hiyo ngao inazuia pigo ya kwanza peke yake."

"Ulisema kila pigo!"

"Sikusema."

"Fungua kitabu basi nione."

"Hiki si kitabu ya watoto."

Nikamgeukia kaka yangu, ambaye mbele yake zilikaa punje nne zilizookolewa na sheria hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo. "Njeru, si alisema kila pigo?"

Njeru aliziangalia punje zake. Alizipanga upya kwa kidole.

"Mimi sikuskia vizuri," akasema.

Kidole cha Mugendi kikaja. Moja, mbili, hadi sita. Nilikata nepia kuanzia jioni hiyo hadi shule zilipofunguliwa, na kila nikipita chini ya dirisha na mzigo kichwani niliwasikia wakicheka. Chozi nililificha, lakini matusi niliyomtusi Mugendi kimoyomoyo siwezi kuyaandika hapa.

Kwa miaka mingi nilimchukia Mugendi peke yake. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima katika mikutano ya ofisi, ndipo nilipoelewa. Nimeona mtu akionewa mbele ya watu kumi, na wote kumi wakiyapanga upya makaratasi yao. Kila mmoja anapiga hesabu kama ile ya Njeru: neno langu litasaidia nini, litapunguza moja tu, nami nitapoteza zamu yangu. Mugendi alikuwa msimulizi aliyeona pango lake likiharibiwa na kitoto. Lakini Njeru alihitajika kusema maneno mawili tu, na siku ile mbele yangu hapakuwa na jitu, palikuwa na panya. Maneno hayo mawili yangetosha, na alikuwa nayo mdomoni, akayameza kwa kuogopa kuwashwa na majani!

Desemba iliyopita tulikuwa nyumbani Manyatta, mimi na Njeru, tukichagua maharagwe ya kupika. Yeye sasa ana kitambi na watoto watatu. Alimwaga debe kwenye sinia, na sauti ile ikanipanda kichwani. Huenda uso wangu ulinisaliti.

"Wanja," aliniita, akichezea punje kwa kidole. "Niliskia."

"Nini?"

"Kila pigo. Alisema kila pigo. Niliskia vizuri kabisa."

Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Panga liko nyuma ya zizi," nikamwambia. "Na ng'ombe hawajala."

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, alivua saa yake, akaiweka mezani, akakunja mikono ya shati, akatoka.