Ruhusa ya Kusema Inauma

Nakumbuka asubuhi baba yako alipojitwika plau la ng'ombe begani, mwanangu Chacha, na kidonda chake cha upasuaji hakijapona. Wewe ulikuwa bado mgongoni kwangu, umefungwa kanga, huna habari na mtu. Leo umelala humu ndani na kidonda mahali pale pale, na tangu wakulete kutoka hospitali kila nikikuuliza unanijibu kwamba uko sawa. Ndiyo maana nimevuta kigoda. Sogeza mguu nikae vizuri, unisikilize.

Baba yako enzi hizo alikuwa akibeba viroba vya mawe kwenye mashimo ya dhahabu huko Nyakunguru. Alikuwa na nguvu, na mimi nilimpenda kwa nguvu hizo, kwa nini nikudanganye. Halafu kinena kikaanza kuvimba. Akikohoa uvimbe unatokeza, akilala unarudi. Hospitalini wanaita henia, wengine wanasema ngiri, na wazee wetu walisema mshipa tu kisha wakanyamaza, maana mahali penyewe pana aibu. Tulipanda basi mpaka Mwanza. Daktari alinionyesha kipande cha wavu mweupe, mwepesi kama chandarua, akasema ataushona ndani pale ukuta wa tumbo ulipoachia, na nyama itaota kwenye matundu yake mpaka iushike. Siku ya kuturuhusu alituambia kwamba maumivu yatakuwepo, ni ya kawaida, na yatapungua polepole. Mgonjwa asibebe kizito mpaka yeye daktari aseme. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, au kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au akipata homa, arudi hospitali bila kungoja. Baba yako aliitikia yote kwa kichwa, nami nikadhani amesikia.

Sasa wewe ni Mkurya, hili si la kukufundisha mimi. Ulisimama uwanjani siku yako ya kutahiriwa, wanaume wakakukazia macho, hukupepesa jicho. Baba yako naye alisimama hivyo hivyo, na tangu siku hiyo neno "inauma" lilimpotea kinywani kabisa. Wenzake wa rika, waliotahiriwa naye msimu mmoja, walikuja kumjulia hali. Wakanywa uji wangu wakamtania. Mmoja akamwita kama tunavyowaita vijana waliotahiriwa, "Mura, wewe umechomwa sindano ya ganzi, umelala usingizi, kisha unatembea umejikunja kama bibi? Siku ile tulikatwa macho wazi!" Wakacheka, naye akacheka, mkono ameushikilia tumboni.

Ulikuwa msimu wa kulima. Kesho yake wakaja na ng'ombe wao kutulimia, kwa wema kabisa, siwalaumu. Yeye akaona haya kuwasikia wakihangaika uani naye amelala. Ndipo akainuka, akalibeba plau mwenyewe mpaka shambani. Nilimfuata nikimsihi, akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kulijua.

Alirudi jasho linamtiririka, akasema yuko sawa. Siku zilizofuata akaacha kula, akawa analala amegeukia ukuta, mwili unachemka. Nilipofua suruali yake nikakuta usaha umegandia kiunoni. Nikamwambia turudi hospitali, akanikaripia nisimtangaze kwa watu. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa binti mdogo mwenye mtoto mmoja, na nilijiona kabisa nikimzika mume wangu kwa sababu hakutaka kusema neno.

Nimwendee nani? Baba mkwe hata kumsogelea sikuweza. Nilimsalimia kwa mbali, macho chini, ndivyo heshima yetu ilivyo, sembuse kumtajia kinena cha mwanawe. Nikaenda kwa babu wa baba yako, mzee Marwa, aliyekaa kule chini karibu na kijito. Babu na mke wa mjukuu wanataniana, unajua. Kila siku aliniita mke wake na kulalamika kwamba namnyima ugali. Hata siku hiyo alianza utani wake, kisha akaniangalia vizuri usoni akaacha. Nikamweleza yote, hata yale ya aibu. Akachukua fimbo yake tukaondoka.

Alipofika aliwakuta wale wenzake baba yako wa rika wamemzunguka mgonjwa, na nadhani alifurahi kuwakuta. Alisimama mlangoni.

"Mwita, siku ulipotahiriwa nani alisimama mbele yako?"

"Ni wewe, babu."

"Nilikukataza kulia?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kwa sababu kisu kile kilikuwa chetu," mzee akasema. "Tulijua kinapita wapi, na kidonda chake tulijua kinaponaje. Hiki kingine si chetu, mura. Kilichoko humo ndani sisi hatukijui. Anakijua daktari, na daktari atakutibu nini kama umefunga mdomo? Mimi ndiye niliyekukataza, na mimi leo nakuruhusu. Sema."

Baba yako alimtazama babu yake, akasema, "Inauma, babu. Inauma sana." Kisha akalia, machozi hasa, mbele ya wenzake. Hakuna aliyecheka. Yule aliyemfananisha na bibi ndiye aliyetoka mbio kututafutia gari.

Tulimkimbiza hospitali Tarime mjini. Wakafungua kidonda, wakakisafisha, wakampa dawa kali. Daktari alisema wavu umeponea chupuchupu, na kwamba tungezidi kungoja wangeung'oa, au ningerudi nyumbani na maiti. Alipona, lakini taratibu. Mara pale mahali pana ganzi, mara panachoma, mara panavuta, na kila kitu alikisema, tena wakati mwingine alisema mpaka nikachoka kumsikiliza! Hadi leo akikaa sana kwenye benchi la kanisani panamvuta. Ananinong'oneza, tunatoka wote kabla ya matangazo, na watu wanadhani tuna haraka ya kula.

Basi mwanangu, ninalokuusia ni hili. Kule kusimama kwako uwanjani siudharau, nilikupigia vigelegele mimi mwenyewe. Lakini ujasiri ule usiulete kwenye kidonda cha daktari. Nikikuuliza, nieleze panauma wapi, na kama leo panazidi jana. Viroba viache, na pikipiki yako ikae hapo ukutani mpaka daktari aseme. Wenzako wakija kukutania, cheka nao, ila usiinuke kuwaonyesha kitu. Na siku utakapokuwa mzee, ukamkuta kijana ameuma meno kwa sababu wewe ulimkataza kulia, usimwache hivyo, maana wewe ndiye utakayeweza kumfungua.

Mzee Marwa ametutoka. Ile ruhusa yake siwezi kukupa mimi, kwa sababu siku yako uwanjani sikuwa mimi niliyesimama mbele yako. Aliyesimama yuko nje hapo. Tangu nianze kusema anajifanya anamfunga ndama, ndama yule yule mmoja, na masikio yote yako huku ndani.

Mungu akuponye, mwanangu. Nyama yako iushike wavu huo isiuachie. Uishi miaka mingi kuliko mzee Marwa, na watoto utakaowazaa wasiogope kukuambia wanapoumia.

Baba Chacha! Mwache huyo ndama, njoo ndani. Mtoto ana neno la kukuambia.