Jina Ndani ya Mlango wa Basi

Juzi, kwa fundi mmoja pale Isevya, nilikuta basi la pua ndefu likikatwa kuwa chuma chakavu. Siku hizi mabasi yote yana uso bapa, ndiyo maana nililitambua upesi. Baba yangu alilitengeneza kiwandani.

Mchana mmoja, nikiwa mdogo, alinipeleka kazini kwake. Kulinuka rangi mbichi na cheche zilirukaruka. Kabla hajafunga bati la mlango, alichovya brashi akaandika ndani.

“Jina lako hilo, mwanangu. Cha ndani hakionekani, lakini ndicho kinachobeba basi.”

Sikujua kusoma bado. Nililigusa, rangi ikanishika kidole. Tangu hapo, kila basi lile lilipopita nililipungia mkono.

Juzi hiyo fundi aling'oa bati la mlango, nami nikasogea. Alama ya kidole changu ilikuwepo, juu ya herufi nyekundu: Mwajuma.

Mimi naitwa Tatu. Kwetu hakuna Mwajuma.