Mtoto aliyegoma kuvua kandambili kwenye madrasa yangu, Mkunya

Wakuu, habari za humu ndani na poleni na majukumu.

Naandika jambo lililoanza kwa aibu yangu na kuishia kwa furaha. Siongezi wala sipunguzi, anayetafuta chai aende majukwaa mengine.

Mimi ni mama wa hapa Mkunya, Newala. Nalima korosho na mume wangu, na wikiendi nafundisha watoto madrasa kwenye banda nyuma ya nyumba. Ni mkali, nakiri. Kuna watoto hunipa shikamoo mbilimbili kwa woga.

Mwaka jana alikuja shangazi wa mume wangu, Bibi Awetu, kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Watu wenye silaha walichoma kijiji chao. Alikuja na mjukuu wake wa miaka tisa, Atija. Ni wao wawili tu waliofika.

Lugha haikuwa shida, Chimakonde ni kilekile. Ila Atija alikuwa haongei. Anamnong'oneza bibi yake, basi.

Nikamwingiza madrasa. Utaratibu mnaujua, viatu vinabaki mlangoni.

Atija akagoma kuvua kandambili zake za bluu.

Siku ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikanuna. Ya tatu nikamvua mwenyewe, nikazitupa nje kwenye lundo la wenzake. Nikajiona nimefundisha adabu!

Haikupita nusu saa, mume wangu akawasha mashine ya kupulizia mikorosho ya nyuma salfa, ile dawa ya ukungu. Ngurumo yake si mchezo, na lile vumbi la njano linatanda kote.

Atija akachomoka mbio.

Tulimtafuta mpaka adhuhuri. Tukamkuta kwenye mihogo ya jirani, kajikunyata anatetemeka, nyayo zimechanwa na miiba.

Bibi Awetu hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Shufaa, siku ile tulikimbia peku. Ndiyo maana hata akilala hazivui."

Wakuu, nililia. Mimi huyu ambaye msibani ndiye nawanyamazisha wenzangu!

Kuanzia hapo hata bibi yake hakunong'onezwa tena. Nikajua nimemharibu mtoto wa watu, na asiporudi darasani lawama ni yangu.

Jumamosi iliyofuata niliingia darasani na kandambili zangu nimezitia kwenye mfuko, nikaziweka ubavuni. Nikaamuru watoto wote wafanye hivyo; Atija, aliyeletwa na bibi yake, akazishika zake mkononi. Jirani mmoja akapita akacheka, "Mama Shufaa, umefungua duka la mitumba?"

Nikamjibu, "Eeh, karibu uchague!"

Mume wangu naye, kila mara kabla ya kuwasha mashine, alikuja mlangoni. "Atija mwanangu, niwashe?" Asipoitikia kwa kichwa, hawashi. Kuna asubuhi mikorosho ilisubiri na yeye kakaa tu pembeni ya mashine yake.

Wiki zikapita hivyo. Siku moja akauliza kama kawaida, tukasikia, "Washa."

Darasa zima likamgeukia Atija! Mume wangu alifurahi mpaka akaenda kupuliza bila kutia salfa.

Baadaye Atija akaniuliza mwenyewe, "Mwalimu, Mungu wa kule kwetu ndiye huyu wa huku?" Nikamwambia ndiye huyohuyo, na kwamba hata akiomba huku kashika kandambili zake, anamsikia. Akafikiri, akaendelea kusoma.

Ikaja Maulidi ya madrasa. Watu wamejaa, ubani unafuka. Atija akasimama mbele akasoma sura nzima bila kukosea. Mikono yake mitupu. Nikachungulia nje, kandambili za bluu zipo mlangoni na za wenzake.

Nikamshika Bibi Awetu mkono.

Shughuli ikaisha, watu wanatoka. Ghafla sauti kali mlangoni, "Nani kavaa kandambili zangu? Nazitaka sasa hivi!"

Ni Atija, mikono kiunoni! Kaibiwa viatu kama Muislamu mwingine yeyote, na anagomba kama mtoto mwingine yeyote. Bibi Awetu alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi mkali wenu sikumnyamazisha hata kidogo.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto aliyekimbia vita umuulize kwanza, adabu utafundisha baadaye. Mnaoishi na watoto wa namna hii nanyi semeni mlifanyaje, mimi bado najifunza.

Na aliyeondoka na kandambili za bluu azirudishe jamani. Mwenyewe anazidai mpaka leo, na kelele zake zinafika barabarani.